Kompyuta ya gemu inaanzia ukutani

Wale mliokosa kuja mkaniomba niandike yale niliyoongea na vijana pale Tudor, Mombasa, Jumamosi, haya basi, nimejaribu kuyaacha vile vile yalivyotoka mdomoni, mkiona nimeruka huku na kule ndivyo ilivyokuwa.

Assalam aleikum. Hamjambo? Wale wa nyuma mwanisikia? Haya. Hilo feni liacheni tu lilie, joto hili la Februari tukilizima ntabaki mimi na viti.

Mimi si mtu wa hotuba jamani, mimi ni fundi. Nimeitwa niwaambie mtu achague vipi vitu vya kuunda kompyuta ya gemu, na nilipoingia tu hapo mlangoni kuna kijana, huyo anaejificha nyuma ya mwenzake, kanishika mkono kabla hata sijakaa, "kaka, kadi gani kali saa hii?" Nikamuuliza wewe wakaa wapi, akanambia Kisauni. Nikamuuliza na stima kwenu huwa vipi? Akacheka. Sasa mimi nataka kuanzia hapo hapo, kwenye kicheko.

Kwa sababu kila mtu akija kwangu aanza na kadi ya grafiksi, ile inayochora picha za gemu, na wengine hata kadi hawafiki, waanza na mataa, ati wataka feni sita zinazobadilisha rangi na keisi, lile boksi la mashine, ya kioo. Wazee wetu walisema usione vyaelea vimeundwa, na mimi naongeza kwamba hakuna fundi wa jahazi aliyeanza na tanga, wote walianza na mkuku huko chini ambako abiria haoni. Kompyuta ya gemu hapa Mombasa inaanzia ukutani kwenye soketi, halafu yaja pawa saplai, kile kiboksi kinachogawa umeme ndani ya mashine, halafu hewa na joto, kisha ndio tuanze kutaja kadi na prosesa, ule ubongo wa mashine.

Ntawapa kisa changu na sioni haya. Mashine yangu ya kwanza ya maana niliunda 2017. Niliweka GTX 1060 ile yenye memori ya 6GB, wakati ule hiyo ilikuwa kadi, nilijinyima mpaka mahamri ya asubuhi nikawa nakula moja. Pesa ikaishia kwenye kadi. Pawa saplai nikachukua ile iliyokuja ndani ya keisi, imeandikwa wati 500 kwa herufi kubwa hivi, ukiishika nyepesi kama mkate wa boflo. Ikafanya kazi miezi mitatu na mimi najisifu kila mahali kwamba watu wapoteza pesa bure kununua pawa saplai za bei. Usiku mmoja stima ikapotea, ikarudi, ikapotea tena, ikarudi na kishindo, nikasikia TAP, halafu harufu ile ambayo ukishainusa mara moja huisahau maisha. Mathabodi, ile bodi kubwa inayounganisha vitu vyote, kwisha, kadi kwisha. Pesa niliyookoa kwenye pawa saplai haikufika hata robo ya bei ya ile kadi.

Nilipoifungua ile maiti ya pawa saplai ndio nikaelewa. Ndani bodi yake ina matundu matupu, pale panapotakiwa kuwa na koili na kapasita za kuchuja umeme wameruka tu, wameunganisha waya moja kwa moja. Vipande vya chuma vya kupoza vyembamba kama kifuniko cha soda. Ndio maana nyepesi. Nimeleta mbili hapa mezani, moja nzuri moja takataka, mtakuja mshike kwa mkono wenyewe mwisho. Na msidanganyike na kibandiko cha 80 Plus mkadhani ni cheti cha ubora wa kila kitu, kile chasema tu katika umeme unaoingia ni kiasi gani unafika kwenye mashine na kiasi gani unapotea kuwa joto. Kuna kampuni zabandika hata ambacho hazijapimwa. Wewe tafuta modeli yenyewe kwa jina lake, usome watu walioifungua na kuipima wamesema nini, ukikosa habari zake kabisa basi iwache dukani.

Hesabu ya wati si ngumu. Chukua mfano mashine ya kawaida ambayo mimi naipenda kwa mtu wa hapa, prosesa Ryzen 5 5600 na kadi RX 6600. Kadi yala wati 132, prosesa ikikazwa yafika 76, hiyo ni 208, ongeza mathabodi, RAM yaani memori ya kazi, feni na SSD ya kuhifadhi mafaili, sema 40 au 50 hivi, wafika 250 na kitu. Kwa hiyo pawa saplai ya wati 550 ya ukweli yatosha na kubaki, huhitaji 850, na 550 ya ukweli ni bora mara kumi kuliko 850 ya kwenye karatasi.

Na umeme wetu ni volti 240. Zile pawa saplai za zamani zina kiswichi chekundu nyuma, 115 au 230, kiwe 230 kabla hujachomeka. Kuna mtu aliletewa mashine na ndugu yake kutoka nje, kiswichi kiko 115, alipowasha alidhani ni fataki za Idi.

Sasa kuna jambo la majini. Msicheke! Nimeitwa nyumba moja Mji wa Kale, bibi mwenye nyumba asema kompyuta ya mjukuu wake ina jini, ukipitisha kidole kwenye chuma wasikia kama vijisindano vyatambaa. Jini lenyewe ni waya wa athi, ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini. Soketi haina athi, au mtu ametumia ekstensheni ya pini mbili, au amekata ile pini ndefu ya tatu ili iingie. Pawa saplai ina kapasita ndogo za kuchuja kelele za umeme ambazo zamwaga kidogo kwenye chuma cha keisi ili kiende ardhini, sasa kama hakuna njia ya ardhini chuma kinabaki na kama nusu ya volti za ukutani, mkondo wake ni mdogo sana lakini waisikia, na ndio hiyo hiyo yaweza kuua porti ya USB au HDMI ukichomeka kitu huku kimewashwa. Na siku pawa saplai ikivujisha kwa kuharibika kweli hakuna kitu cha kukuokoa. Kwa hiyo kabla ya kununua kadi ita fundi wa umeme apime athi kwenu. Bibi nilimweleza yote haya akanisikiza vizuri kabisa halafu akafukiza ubani vile vile. Sawa, yote yafanyike.

Kwa stima ya kurudi na kishindo, ile gadi mliyoweka kwenye friji inafanya kazi nzuri, inakata volti zikipanda sana au zikishuka sana, na stima ikirudi inasubiri kwanza ituliye. Nunua yake mwenyewe, usiunge na friji. UPS, ile yenye betri ya kushikilia stima ikipotea, ni nzuri zaidi lakini soma vizuri, 650VA si wati 650, nyingi za hivyo ni wati 360 mpaka 390, na kazi yake ni dakika chache za kusevu gemu na kuzima kwa adabu, si ya kumalizia mechi. Tena nyingine za bei ndogo umeme wake wa betri si laini, zikigeukia betri pawa saplai nzuri inagoma na mashine yazima pale pale, kwa hiyo ijaribu mkiwa bado dukani na risiti mkononi, chomoa ukutani uone.

Haya, joto. Hapa ndio twatofautiana na hao vijana wa video tunaowaangalia, yule yuko Kanada nje barafu, yeye akisema kadi yake iko nyuzi 60 wewe usishangae yako 75. Feni haitengenezi baridi, feni yasukuma tu joto kutoka kwenye chuma kwenda kwenye hewa, kwa hiyo kama chumba chako kiko 32 hakuna feni wala maji ya kupoza yatakayoishusha prosesa chini ya 32, kila kitu chaanza kuhesabiwa kutoka hapo kwenda juu. Na joto lote lile haliendi mbinguni, linabaki chumbani na wewe. Mashine ya wati 400 ni sawa na kukaa na pasi ndogo miguuni usiku kucha. Ndio sababu mimi naangalia wati za kadi kabla sijaangalia jina, RTX 4060 ni wati 115, RX 6600 ni 132, RTX 3060 ni 170, na ukicheza masaa manne kila siku kwa mwezi, mashine inayokula wati 300 yamaliza yuniti 36 za tokeni, mama aone.

Keisi basi iwe na uso wa wavu, hewa iingie mbele itoke nyuma na juu. Ile ya kioo mbele ni kabati la vyombo, nzuri kutazama, ndani vitu vyachemka. Na kioo cha pembeni ukikitoa usikisimamishe kwenye tailsi, wallahi pembe ikigusa tailsi kidogo tu hicho chageuka mchanga wote, nimefagia viwili.

Chumvi pia. Hewa ya bahari twaipenda lakini yala vyuma, nimefungua mashine za Nyali za karibu na ufuo skrubu zote zimeota kutu, meno ya RAM yamefifia mpaka mashine haiwaki, na mwenyewe ashaambiwa na mtu mathabodi imekufa nunua nyingine. Tukatoa RAM, tukapangusa meno yake na spiriti ile safi ya kusafishia elektroniki, tukarudisha, ikawaka. Usiiweke mbele ya dirisha la bahari, na kama una eisi usiizime ukafungua madirisha pale pale, chuma kilichopoa kikikutana na hewa yetu ya unyevu kinatoka jasho kama chupa ya soda.

Sasa ndio kadi, kijana wa Kisauni amka.

Kadi huchaguliwa na monita, na monita huchaguliwa na gemu unayocheza. Monita ya 1080p ina pikseli, vile vidoti vya picha, milioni 2 na kidogo, ya 1440p ina milioni 3.7 hivi, ya 4K ina milioni 8.3, mara nne ya ile ya kwanza, na kadi yapaswa kuzichora zote upya kila fremu. Kama wacheza Valorant na CS2 na mpira, na monita yako ni 1080p, kadi ya 8GB kama hizo nilizotaja yatosha na ukweli ni kwamba gemu hizo za kurushiana risasi zakamua prosesa kuliko kadi. Kama wewe ni mtu wa yale magemu makubwa ya kutembea kwenye mapori na miji, hapo RTX 3060 ile ya 12GB yasaidia, si kwamba ni yenye nguvu sana lakini ile memori yake yabeba picha nzito bila kukwamakwama. Ya 4GB mimi simnunulii tena mtu, isipokuwa apewe bure.

Na monita ya 144Hz, ile inayobadilisha picha mara 144 kwa sekunde, ukiinunua uende kwenye setingi za Windows uibadilishe iwe 144, kuna jamaa alikaa mwaka mzima kwenye 60 na kila siku atuambia ameona tofauti.

Kadi za mitumba. Mwezi wa 9 mwaka 2022 Ethereum iliacha mtindo wa kuchimbwa kwa kadi, zile kadi zote zilizokuwa zafanya kazi usiku na mchana zikamwagika sokoni, na bado zazunguka. Kadi iliyochimba si haramu, chipu yenyewe mara nyingi ni nzima, kilichochoka ni feni na ile pasta ya joto na pedi za memori. Mimi nainunua lakini kwa bei ya mtumba, na siinunui bila kuiona ikifanya kazi. Nenda na gemu yako au programu ya kuikaza, iache dakika 20, angalia kama vyatokea vidoti na mistari ya rangi, sikiliza feni, jaribu kila porti nyuma. Kisha fungua GPU-Z, programu ya kusoma kadi ni ya aina gani. Kuna kadi feki zilizoandikwa GTX 1050 Ti kumbe ndani ni chipu ya GTS 450 ya 2010 iliyobadilishwa BIOS, ile programu ya ndani ya kuiwasha, GPU-Z yaandika wazi kwamba ni feki. Na RX 580 ikiandikwa 2048SP jua hiyo ni RX 570 imevaa kanzu ya kakake, si mbaya, lakini lipa bei ya 570. Muuzaji akikwambia "stima hakuna, chukua tu ni nzima," mwambie ntarudi stima ikirudi.

Prosesa ntapita mbio. AM4, aina ya tundu la prosesa za AMD kwenye mathabodi, imekuwepo tangu 2016, Ryzen 5 5600 ya 2022 bado ni mali kwa mtu wa bajeti, lakini ukinunua mathabodi ya zamani kama B450 uliza kama BIOS ishasasishwa, la sivyo utawasha na skrini yabaki nyeusi. AM5 ilikuja 2022, hiyo ni RAM za kizazi kipya, DDR5, peke yake, ghali zaidi kuanza lakini una njia ya kupandisha baadaye. Kwa Intel i5-12400F ni nzuri, ila hiyo herufi F maana yake haina grafiksi ndani, bila kadi huoni kitu. Na mkiuziwa i7 au i9 za kizazi cha 13 au 14 za mtumba kuweni macho, mwaka 2024 Intel wenyewe walikubali zilikuwa zajiharibu kwa volti kupanda kupita kiasi, wakatoa marekebisho ya BIOS mwezi wa 8 na kuongeza waranti miaka 2, lakini iliyoharibika kabla ya hapo haiponi kwa marekebisho.

RAM chukua 16GB, vipande viwili vya 8 si kimoja cha 16, kwa sababu viwili vyafungua njia mbili kwa pamoja na kwenye gemu waiona tofauti. Kwenye bodi ya nafasi nne weka ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, halafu ingia BIOS uwashe XMP au EXPO, setingi ya mwendo kamili wa RAM, bila hivyo umenunua 3200 yakimbia kwa 2133 au 2400. Bei najua. Tangu mwisho wa 2025 RAM zimepanda kwa sababu viwanda vya memori vyauzia zaidi hao wenye maseva ya AI, hata mitumba imepanda, kwa hiyo ukiwa na DDR4 yako nzima nyumbani usiitupe kukimbilia DDR5.

Kuhusu mashine za ofisi za ex-UK, yaani mitumba ya kutoka Uingereza, najua wengi wenu ndipo mlipoanzia, mimi pia natengeneza nyingi. Ni njia nzuri lakini zina mitego yake. Nyingi pawa saplai yake si ya kawaida, plagi ya mathabodi ni ya pini 8 badala ya 24, na haina waya wa ziada wa kadi, kwa hiyo utafungwa na kadi ya wati 75 inayokula kutoka kwenye sloti peke yake. Zile nyembamba zataka kadi fupi. Na zile za Intel kizazi cha 4 Windows 11 haizitaki rasmi, yataka kizazi cha 8 na TPM 2.0, ile chipu ya usalama, na Windows 10 Microsoft walifunga msaada tarehe 14 Oktoba 2025. Ukinunua ex-UK leo anzia kizazi cha 8, usiniletee ya nne unilaumu.

Maswali yalikuwa mengi, ntaandika mawili.

Mama mmoja aliyekuja na mwanawe akaniuliza, "mwanangu, mimi nataka mashine ya shule na huyu acheze kidogo, na pesa si nyingi, nifanyeje?" Nikamwambia mama, chukua Ryzen 5 5600G, hiyo ina grafiksi zake ndani, muwekee RAM vipande viwili kwa sababu grafiksi hizo zakopa memori humo humo, SSD ya NVMe, ile ya kasi, na pawa saplai nzuri kutoka siku ya kwanza. Atasoma, atacheza mpira na gemu nyepesi, na akipasi mtihani mtaongeza kadi bila kubadilisha kitu kingine. Mtoto akanitazama vibaya hapo kwenye mtihani.

Na dada mmoja aliuliza je akiweka RTX ping yake, ule muda wa ujumbe kwenda kwenye seva na kurudi, itashuka. Hapana dada. Ping ni barabara, si gari. Nyaya za baharini zatua hapa hapa kwetu, TEAMS na SEACOM zote tangu 2009, lakini kama seva ya gemu iko Ulaya, tuseme njia ni kilomita 10,000, mwanga ndani ya waya wakimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwenda na kurudi ni milisekunde 100 na hujahesabu vituo vya njiani. Unachoweza kufanya ni kuacha Wi-Fi ukachomeka kebo, na kuchagua seva ya karibu kama gemu yakuruhusu. Kadi haihusiki hapo hata kidogo.

Haya sogeeni mezani. Shikeni hizi pawa saplai mbili, pokezaneni, usizitazame, zishike tu. ... Eeh, umeona? Hiyo ni boflo na hiyo ni tofali. Sasa tunaunda hii mashine hapa, bodi tutaiweka juu ya boksi lake la karatasi si juu ya zulia, ile plastiki iliyo chini ya chuma cha kupoza prosesa naitoa mbele yenu kwa sababu kila mwaka naletewa mashine ya mtu aliyeisahau, na monita tutachomeka kwenye kadi, si kwenye mathabodi. Bisibisi nani alichukua? Na wewe kaka hapo karibu na mlango, zima soketi kwanza, halafu nambie kama ina athi.